Jezi namba 38: jinsi mashabiki wa Ole Miss wanavyomkumbuka Chucky Mullins (uzi mrefu, wavivu wa kusoma mpite tu)

MbebaBoksi wa Memphis ameandika:

Wakuu habari za usiku, huku kwetu ni saa tano usiku, nimetoka zamu sasa hivi, miguu inawaka moto ila nikasema silali mpaka niandike hii kitu maana nimeibeba tangu Jumamosi.

Nipo Memphis, jimbo la Tennessee, mwaka wa sita huu, nabeba boksi ghala moja hivi. Kuna mzee tunafanya naye kazi, mzungu, ana miaka hamsini na ushee, mtu wa maneno machache sana, kila Ijumaa anakuja na kofia nyekundu ya Ole Miss. Ole Miss ndo hicho Chuo Kikuu cha Mississippi, kipo mji mdogo unaitwa Oxford, kutoka hapa ni kama saa moja na nusu kwa gari. Sasa wiki iliyopita akaniambia Jumamosi twende mpira. Mi mpira wao huu wa kubeba mkononi nilikuwa siuelewi kabisa, watu wanavaa kofia ngumu wanagongana sekunde tano halafu wanasimama dakika nzima wanajadiliana kama kikao cha harusi. Ila nikaenda, chakula cha bure hakikataliwi.

Kabla ya mechi kuna bustani yao inaitwa Grove, miti mikubwa, mahema kila kona, watu wamevaa kama wanaenda send-ofu, kuku wa kukaanga mpaka unakinai. Wachezaji wanapita katikati ya watu kwa mguu kuelekea uwanjani. Baadae tumeshakaa kwenye viti mzee akanigusa bega akasema angalia pale wanapotokea. Kuna sanamu ya kichwa na mabega ya kijana mweusi. Kila mchezaji anayetoka anaigusa. Hakuna anayeipita. Wengine wanapiga kofi kama wanamsalimia mshikaji, kuna mmoja aliweka kiganja kizima akatulia kidogo wenzake wakamsukuma twende bana.

Nikauliza huyo nani. Mzee akasema Chucky. Hivyo tu, Chucky, kama vile na mi namjua.

Basi hadithi ni hii, kwenye gari tukirudi ndo kanipa yote na mi nyumbani nikaenda kusoma zaidi. Roy Lee Mullins, wote wanamwita Chucky, kazaliwa Julai 1969, kwao Russellville, Alabama. Mama yake alifariki yeye bado mdogo, akalelewa na jamaa anaitwa Carver Phillips ambaye alikuwa na familia yake na maisha yenyewe ya kuunga unga. Dogo alikuwa mwembamba, hana ile spidi ya kutisha, kocha wa Ole Miss Billy Brewer alisitasita kumpa nafasi ila akaona moyo alionao akamchukua. Akapewa beki wa nyuma, jezi 38.

Tarehe 28 Oktoba 1989, Jumamosi, mechi na Vanderbilt, chuo cha Nashville. Ilikuwa ile siku yao wahitimu wa zamani wanarudi chuoni, kwa hiyo uwanja umejaa. Robo ya kwanza tu. Vanderbilt wako karibu na mstari wa goli, mpira unarushwa kwa fulbeki wao (kwao huyu ni mtu wa kushambulia) Brad Gaines, Gaines anaruka juu kuudaka, Chucky anatokea nyuma kwa kasi kichwa chini anamvaa mgongoni. Mpira ukamtoka Gaines, yaani Chucky kazi aliyotumwa kaifanya. Ila yeye hakuinuka. Pingili nne za shingo zimevunjika. Kuanzia hapo mikono na miguu basi.

Mzee mwenyewe siku hiyo alikuwepo, kijana wa shule, kakaa na baba yake. Anasema kitu anachokumbuka sio kishindo, kila wiki vishindo vilikuwepo vikubwa kuliko hicho. Anakumbuka baba yake alikuwa anamenya karanga, zile za kuchemsha, akaacha kumenya, ganda likabaki mkononi mpaka Chucky anatolewa uwanjani. Anasema ile karanga baba hakuila.

Ntaendelea, ngoja nipashe wali.

Chumvi Nyingi:

Nimekaa paleee. Ila mkuu wewe na wali saa tano usiku, kisukari kinakuona.

Jirani Mbishi:

Sasa hapo ajabu iko wapi, kila mchezo watu wanaumia. Wamarekani kwa kukuza mambo tu, sanamu, machozi, muziki wa violini, wanatengeneza pesa.

MbebaBoksi wa Memphis:

Nimerudi. Jirani subiri kidogo hujafika mbali.

Wiki iliyofuata wana mechi na LSU, chuo cha Louisiana, hapo hapo nyumbani. Zikapitishwa ndoo kwenye viti, mtu mmoja anampa mwenzake, kila mtu anatumbukiza alichonacho. Mzee anasema baba yake alitumbukiza hela ya mafuta ya gari halafu wakarudi nyumbani wakiomba Mungu wasizimikiwe njiani. Mashabiki wa vyuo vingine nao wakatuma. Mfuko ukavuka dola milioni 1, pesa ya 1989 hiyo. Halmashauri ya mji wakatoa kiwanja, akajengewa nyumba Oxford ambayo kiti chake kinapita kila mlango. Hadi rais Bush, yule baba mtu, alienda kumwona hospitali.

Desemba 28 mwaka huo huo Ole Miss wanacheza Liberty Bowl, mechi ya kufunga msimu, hapa Memphis na Air Force, timu ya chuo cha jeshi la anga. Chucky bado yupo hospitali, akaletwa amelala kwenye kitanda cha magurudumu mpaka chumba cha kubadilishia nguo. Sauti hana, amewekewa tundu la kupumulia kooni. Akawaambia wenzake maneno mawili tu, kwa Kiswahili ni kama kusema wakati umefika. Wakatoka wakashinda 42-29. Hayo maneno mawili mpaka leo ukiyataja Oxford watu wanajua unamsema nani.

Na hakukaa kusubiri huruma. 1990 akarudi Oxford, Januari 1991 akarudi darasani. Chuo, notsi, mitihani, kwenye kiti. Mwanzoni mwa Mei, asubuhi anaandaliwa aende kipindi, akaacha kupumua ghafla. Damu iliganda ikakimbilia mapafuni. Akafariki tarehe 6 Mei 1991 hapa hapa Memphis. Miaka 21.

Nesi wa Zamu:

Pole yake. Hapo kwenye damu kuganda ngoja niongezee kidogo kwa faida ya wengi, maana watu huwa wanafikiri mtu akishapooza basi amebaki na shida ya kutotembea tu. Miguu ikiwa haichezi ile misuli haisukumi damu kurudi juu, damu inatulia kwenye mishipa kama maji ya mtaro yaliyoziba, inaganda, kipande kikikatika kinapanda mpaka kwenye moyo kinaenda kuziba mapafu. Ndo maana wagonjwa wa hivi wanapewa dawa za kuzuia damu isigande na tunawageuza na kuwanyoosha miguu kila siku, ndugu wanatuona kama tunawasumbua.

Na shingo nayo ina siri yake. Ukisimama kawaida shingo ina mkunjo kidogo, ule mkunjo ni kama springi, unapokea kishindo. Ukiinamisha kichwa shingo inanyooka kama nguzo, sasa ukigonga kitu kwa utosi nguvu yote inashuka moja kwa moja kwenye pingili, springi haipo. Halafu neva za kiwambo kinachotusaidia kupumua zinatoka pingili ya tatu, ya nne na ya tano. Ukivunjika hapo sio mikono na miguu tu, pumzi yenyewe inakuwa ya kuazima.

Na nyie mnaorukia maji mtoni kichwa mbele mmesikia lakini.

Chumvi Nyingi:

Nesi umenikalisha sawa, nilikuwa nimelala vibaya na simu.

Kisauni Damu:

Wasee hii story nimeisoma yote nikiwa kwa matatu nikapitiliza stage. Swali langu, huyo Gaines aliyegongwa ilikuwaje? Yeye hakuumia?

MbebaBoksi wa Memphis:

Swali zuri na ndo lililonifanya nifungue uzi.

Gaines mwili haukupata kitu. Alisimama akarudi benchi, hata hakujua kwamba kuna kitu. Ila baadae alipojua, jamaa alibadilika. Alienda hospitali Memphis kumwona Chucky, akiogopa familia itampokeaje, wakampokea vizuri, wakawa marafiki wa kweli hao wawili, wanaongea, wanatembeleana. Gaines alikuwa mchezaji mzuri, watu walimtegemea afike mbali, NFL, ile ligi yao kubwa ya kulipwa, hakufika, mwenyewe anasema raha ya mpira ilimwisha pale.

Sasa sikiliza. Tangu 1991 mpaka miaka hii, huyo mtu anaendesha gari kutoka upande wa Nashville mpaka Russellville, zaidi ya maili 100, anaenda makaburini peke yake. Tarehe 28 Oktoba na tarehe 6 Mei hazimpiti. Anapiga magoti anaosha jiwe la kaburi, anatoa majani, anakaa kidogo, anarudi. Miaka mingi alikuwa haambii mtu. Watu wa mji walikuwa wanakuta kaburi safi hawajui nani kasafisha. ESPN, ile TV ya michezo, walikuja kumtengenezea filamu 2014 ndo wengi zaidi wakajua.

Na huyu sio mtu wa Ole Miss wakuu. Ni wa timu pinzani. Na kosa hakufanya, yeye ndo alivamiwa kwa nyuma.

Jirani Mbishi:

Haya hapo umenipata kidogo. Ila anajilaumu nini sasa? Aliruka kudaka mpira. Wangekuwa wote wanajilaumu hivyo madereva wa malori wangeisha wote.

Bwana Shamba wa Handeni:

Mbishi we hujalelewa na wazee. Sisi Wazigua hili tunalielewa bila hata filamu. Mtu akifa kwetu anayeshika jembe kuchimba kaburi sio ndugu, ndugu wamekaa ndani wanalia hawana nguvu. Anayechimba ni mtani. Mtani anaosha, mtani anapika, mtani anazuia maiti isitoke mpaka apewe chochote, anacheka pale pale mbele ya wafiwa na hakuna wa kumkasirikia. Jana mlikuwa mnatukanana kilabuni leo yeye ndo anakuzika.

Huyo Gaines ni mtani. Hajilaumu wala nini, anafanya kazi ya mtani. Kama Yanga na Simba tunavyoitana watani wa jadi halafu siku ya msiba wa mchezaji wa upande wa pili unaona jezi za rangi zote makaburini. Tofauti ni kwamba huyu mzungu hakuambiwa na babu yake kwamba ni wajibu, kajikuta anaufanya mwenyewe miaka zaidi ya thelathini.

Nesi wa Zamu:

Bwana Shamba hii comenti naipiga skrinshoti.

Wakili wa Kijiweni:

Mi naomba nilete upande mwingine, msinichukie. Hadithi ni tamu, ndoo zimepita, nyumba imejengwa. Ila swali la kisheria, kwa nini mchezaji aliyevunjika shingo akiichezea taasisi inayojaza uwanja na kuuza tiketi atibiwe kwa ndoo ya michango? Huyo dogo alikuwa anafanya kazi au anacheza?

Kuna kesi moja maarufu huko huko. Kent Waldrep, alikuwa anachezea chuo cha TCU cha Texas, 1974 wakicheza na Alabama akavunjika shingo akapooza. Miaka mingi baadae akadai fidia kama mfanyakazi aliyeumia kazini. Mwanzoni mamlaka ya fidia ikamkubalia, kampuni ya bima ikapeleka mahakamani, baraza la wazee wa mahakama likamkatalia, na 2000 mahakama ya rufaa Texas ikasema huyu hakuwa mwajiriwa, alikuwa mwanafunzi mwanamichezo. Hilo jina mwanafunzi mwanamichezo limewaokoa vyuo pesa nyingi sana. Juzi juzi tu, 2021, ndo wachezaji wa vyuo wameruhusiwa kuuza hata jina na sura yao.

Kwa hiyo ukiniambia mashabiki wanamkumbuka kwa kugusa sanamu nasema sawa, ila na wenye uwanja walitakiwa wamkumbuke kabla ya kuvunjika.

Jirani Mbishi:

Wakili leo tumekubaliana, tarehe iandikwe.

MbebaBoksi wa Memphis:

Wakili sikupingi hata kidogo. Nilimuuliza mzee kitu kama hicho, akasema baba yake alikuwa anasema ndoo ilikuwa aibu na fahari kwa pamoja. Halafu akawasha redio.

Mama Ubwabwa:

Mi nauliza kingine. Mississippi hii si ndo ile ya ubaguzi? Hao watu walimpenda dogo kweli au walimpenda kwa sababu kalala hawezi tena kuwasumbua? Samahani kama nimeuliza vibaya, nimeishi Marekani nimeona mambo.

MbebaBoksi wa Memphis:

Hujauliza vibaya dada angu. Hiyo ndo sehemu inayonikaba mpaka leo.

Chuo hicho hicho 1962 James Meredith, mweusi wa kwanza kuandikishwa, ilibidi aingizwe na askari wa serikali kuu, ghasia usiku kucha, watu wawili wakauawa. Mchezaji mweusi wa kwanza wa mpira kaingia miaka ya sabini mwanzoni. Na siku Chucky anaanguka 1989, majukwaa yale yale yaliyochangia ndoo yalikuwa yamejaa bendera za lile jeshi la kusini lililopigana kutetea utumwa, watu wanazipepea kushangilia timu yenye vijana weusi nusu nzima, bendi inapiga wimbo wa enzi hizo. Bendera zilikuja kudhibitiwa 1997, tena kwa ujanja, hawakusema bendera marufuku, walisema fimbo marufuku uwanjani. Bila fimbo utapepea nini.

Kwa hiyo mkono mmoja una bendera, mkono mwingine unatumbukiza hela kwenye ndoo ya kijana mweusi yatima kutoka Alabama. Mzee nilipomuuliza, mara ya kwanza nikamwona anatafuta maneno. Akasema baba yangu alikuwa na zote mbili, bendera na ndoo. Akasema baada ya pale bendera ilibaki stoo, hakuwahi kusema kwa nini na mi sikuwahi kumuuliza.

Sisemi Chucky aliwaponya, watu wa huko wenyewe wapo wanaopenda kuisimulia hivyo, kwamba dogo alileta weusi na weupe pamoja, mi huwa nikisikia hivyo nakunja uso. Kijana kavunjika shingo, sio mkutano wa usuluhishi. Ila walitoa, na walitoa wengi, na hilo nalo lilitokea.

Mama Ubwabwa:

Nimekuelewa. Asante kwa kutonipaka mafuta.

Kisauni Damu:

Rudi kwa jezi basi, title umesema jezi 38 na hujaigusa. Waliifungia ama? Kama City walivyofungia 23 ya Marc-Vivien Foé wa Cameroon baada ya yeye kuanguka uwanjani na kufa kule Lyon 2003. Hiyo siku mi nilikuwa kwa banda la video Kisauni, mwenye banda alizima jenereta mwenyewe, hakuna aliyedai pesa yake.

MbebaBoksi wa Memphis:

Ebwana Foé… ile siku hata mi naikumbuka, macho yalivyogeuka. Basi.

Jezi ndo uhondo wenyewe. Kuanzia 1990, Chucky bado yupo hai, chuo kikaanzisha tuzo ya ujasiri kwa jina lake. Kila mwaka anachaguliwa mchezaji mmoja wa safu ya ulinzi na zawadi yake ni kuvaa 38. Wa kwanza alikuwa Chris Mitchell. Na mwaka huo huo kwenye mechi na Arkansas, Ole Miss wanaongoza 21-17, mpira wa mwisho kabisa wa mechi, jamaa wa Arkansas anakimbia nao goli lile pale, Mitchell na 38 yake mgongoni akamwangusha yadi moja kabla ya mstari. Muda umeisha. Fikiria hiyo picha, namba ile ile ya beki aliyeumia akizuia karibu na mstari wa goli, inazuia tena karibu na mstari wa goli, na mwenye namba yupo kwenye kiti cha magurudumu anasikia habari.

Sasa 2006 wakaamua kuistaafisha rasmi. Hakuna kuivaa tena, heshima kubwa, sherehe uwanjani. Anayeshinda tuzo akawa anabaki na namba yake mwenyewe anashonewa kidude tu cha 38 kwenye jezi. Patrick Willis, huyu aliyekuja kuwa mtu mkubwa NFL, ndo alishinda mwaka huo. Ikaenda hivyo miaka kama mitano. Halafu wakairudisha. Namba iliyostaafishwa ikarudi kuvaliwa! 2015 kwa mfano Mike Hilton kacheza na 38.

Mi nikamuuliza mzee, si mliiheshimu zaidi ilipokuwa imefungiwa? Akaniangalia kama nimesema kitu cha kijinga. Akasema ilipofungiwa wanangu walikuwa wananiuliza Chucky ni nani. Ikivaliwa, mwanangu ananiuliza mbona yule kabadilisha namba, na hapo naanza kusimulia. Akasema na namba lazima ipate matope.

Bwana Shamba wa Handeni:

Jina la marehemu linapewa mtoto anayezaliwa, haliandikwi kwenye kabati. Huyo mzee ana asili ya Handeni mumchunguze.

Chumvi Nyingi:

😂😂 Bwana Shamba leo kila mtu ni Mzigua.

Dogo wa Jersey:

Naongezea kidogo wakuu, mi nipo New Jersey. Huku wana Eric LeGrand wa chuo cha Rutgers. 16 Oktoba 2010 wanacheza na Army, timu ya chuo cha jeshi, ule mpira wa kuanzishia, anakimbia kumkaba mtu kichwa kikainama, pingili mbili za shingo. Mwaka uliofuata mwezi wa kumi theluji inadondoka, akaiongoza timu kuingia uwanjani akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu, hiyo picha ipo kila mahali huku. 2012 Tampa Bay wakamsainisha kama mchezaji wa NFL kwa heshima, na 2013 Rutgers wakastaafisha 52 yake, ya kwanza kabisa kwenye historia ya chuo. Tofauti ni kwamba huyu yupo hai, anacheka, ana duka la kahawa. Watu wanamkumbuka na yeye anajibu. Nilipita kununua kahawa pale mara moja, sijui nilitegemea nini, pakawa duka la kahawa tu, foleni, mtoto analia. Nikafurahi.

Nesi wa Zamu:

Vizuri kusikia. Huo mpira wa kuanzishia ndo hatari maana wanakimbiliana kutoka mbali pande zote mbili, miili inakutana na kasi kamili. Sheria ya kukataza kugonga kwa kichwa ipo tangu 1976, na tangu 2013 ukimlenga mtu kichwani unatolewa nje. Vifo vimepungua. Ila Chucky alijiumiza mwenyewe, sheria ya kumlinda unayemgonga haimsaidii anayegonga, hapo ni kufundishwa tangu utotoni, kichwa juu, uone unachokigonga.

Jirani Mbishi:

Sawa. Narudisha maneno ya violini. Swali langu la mwisho kwa mleta uzi, huyo mzee wako na yeye anaigusa ile sanamu?

MbebaBoksi wa Memphis:

Haigusi. Baada ya mechi tulipita jirani kabisa, mi nikanyoosha mkono nataka nijaribu, akanishika kiwiko taratibu. Akasema hiyo ni ya wanaoenda kucheza. Tukaendelea kutembea mpaka barabara inayoitwa Chucky Mullins, wameibadilisha jina 2014, gari tuliliacha mbali kinoma.

Ila kuna kitu tumepanga. Mwakani tarehe 6 Mei tunaenda Russellville, yeye hajawahi kufika miaka yote hii. Nimeshaomba ruhusa kazini, msimamizi ameuliza unaenda wapi nikasema msibani.

Mama Ubwabwa:

Beba ndoo na brashi msaidie jamaa kusafisha.

MbebaBoksi wa Memphis:

Brashi atakuwa nayo mwenyewe. Tukikuta gari lake pale sisi tutasubiri barabarani amalize.